Shene inalia: kuchagua pinyo na kuondoa msuguano kwa kinga inayobeba mzigo

Kila asubuhi mapema, mbele ya jua kupanda, barabara zinazoingia Kolwezi zinajaa kinga. Kuna zinazoleta mifuko ya makala kutoka porini, kuna zinazobeba unga, bidon za maji, mbao, na kwa upande wa Kasulo, Kapata na soko la Musompo, kuna zinazosukumwa na mifuko ya mawe ya madini juu ya portbagaji. Mwenye kinga hana moteri. Moteri yake ni magoti, na kitu kinachopeleka nguvu ya magoti mpaka kwa gurudumu la nyuma ni kimoja tu: shene.

Njo maana shene ikianza kulia, hapana kusema ni kelele tu. Shene inayosugua mahali inakula vitu vitatu kwa wakati mmoja: inakula nguvu zako, inakula chuma chake yenyewe, na mwishoni inakula siku yako ya kazi. Na kama iko na nia mbaya, inaruka kutoka kwa meno wakati uko katikati ya mteremko na kamyo ya madini iko nyuma yako.

Wengi wetu, shene ikilia, tunakimbilia turnevisi. Tunageuza visi ya kwanza tunayoiona, kelele inahama mahali, tunageuza ingine, na mangaribi kinga iko mubaya kuliko asubuhi. Katika ukurasa huu tunataka kuonyesha njia ingine: kwanza kujua shene iko kwa meno gani, pili kusikiliza kelele inarudi kwa mwendo gani, na tatu, mwisho kabisa, kushika chombo. Mara nyingi utakuta hakuna kitu kilichoharibika. Ulichagua tu vibaya mahali pa kuweka shene.

Majina, ili tuelewane

Kule mbele, pale pedali zinazunguka, kuna gurudumu la meno linaloitwa plato. Kule nyuma, kwenye gurudumu, kuna meno madogo: pinyo. Kinga nyingi za kazi katika Lualaba, zile nyeusi ndefu za magurudumu makubwa, ziko na plato moja na pinyo moja. Hizo hazibadilishi kitu barabarani. Kinga za aina ya porini, zile za mitumba au mpya za mpira mnene, mara nyingi ziko na plato 3 na pinyo 6 au 7, pamoja na derayeri mbili: ya mbele inasukuma shene kutoka plato moja kwenda ingine, ya nyuma inaihamisha kwenye pinyo.

Tuhesabu kama manete ya kwenye gido inavyohesabu. Plato 1 ni ndogo, plato 3 ni kubwa. Pinyo 1 ni ile kubwa kabisa, iliyo karibu na rayo. Pinyo 6 ni ile ndogo kabisa, iliyo nje. Mbele, namba ndogo ni plato ndogo. Nyuma, namba ndogo ni pinyo kubwa. Inachanganya kichwa siku ya kwanza, lakini kuna kanuni moja rahisi: namba ndogo pande zote mbili maana yake ni wepesi wa kupanda mlima, namba kubwa pande zote mbili maana yake ni mbio ya sehemu tambarare.

Hesabu ndogo ambayo inalipa

Hapa tutafanya hesabu, lakini ni ya darasa la msingi. Chukua meno ya plato, gawanya kwa meno ya pinyo. Jibu linakuambia gurudumu linazunguka mara ngapi pedali ikizunguka mara moja. Zidisha hilo jibu kwa urefu wa mzunguko wa gurudumu, utapata metre unazosonga kwa kila mzunguko wa pedali.

Kupima mzunguko wa gurudumu hakuombi chombo. Weka alama chini, pale valve ya mpira iko. Sukuma kinga mpaka valve irudi chini tena. Pima katikati ya alama mbili. Kwa gurudumu la inchi 26 lenye mpira mnene utapata kama metre 2.05. Kwa kinga ndefu ya inchi 28 utapata kama metre 2.2.

Sasa tuchukue kinga ya plato 3 zenye meno 24, 34 na 42, na pinyo 6 zenye meno 28, 24, 21, 18, 16 na 14. Ni mpangilio unaoonekana sana kwa kinga za bei ya chini.

Plato 1 na pinyo 1, ni kusema 24 kwa 28: unasonga metre 1.76 kwa mzunguko mmoja.
Plato 2 na pinyo 4, ni kusema 34 kwa 18: metre 3.87.
Plato 3 na pinyo 6, ni kusema 42 kwa 14: metre 6.15.

Ukizungusha pedali mara 60 kwa dakika, ile ya kwanza inakupeleka kilometre 6 na kidogo kwa saa, mbio ya mtu anayetembea haraka. Ile ya mwisho inakupeleka kilometre 22 kwa saa. Lakini hakuna cha bure: kila metre unayoongeza kwa mzunguko, mguu unailipa kwa nguvu. Mtu mwenye mifuko miwili ya makala anayepanda kilima na plato 3 hashindi kilima. Anaharibu magoti na kuvuta shene mpaka inyooke.

Juu ya nini shene inasugua hata kama kila kitu kiko sawa

Tazama kinga kutoka nyuma. Plato tatu ziko kwenye mstari, na pinyo sita ziko kwenye mstari wao. Shene inapotoka plato ya katikati kwenda pinyo za katikati, inapita karibu sawa, kama kamba iliyonyooka. Lakini ukiweka plato 1, iliyo ndani, pamoja na pinyo 6, iliyo nje, shene inapita mshazari. Na ukiweka plato 3, iliyo nje, pamoja na pinyo 1, iliyo ndani, inapita mshazari kwa upande mwingine. Mafundi wengi wanasema shene «imepindana».

Shene iliyopindana lazima iguse kitu. Kwa plato 1 na pinyo 6 inagusa shavu la nje la derayeri ya mbele, au inasugua meno ya plato ya katikati. Kwa plato 3 na pinyo 1 inagusa shavu lile lingine, na derayeri ya nyuma inavutwa mpaka mwisho. Shene ikiwa fupi, inaweza kuivunja. Hapo unaweza kugeuza visi mpaka kesho. Kelele haitaisha, kwa sababu kosa haliko kwa visi.

Na sehemu nzuri ya habari ni hii: hizo namna za mshazari hazikupi kitu ambacho huna. Rudi kwa hesabu. Plato 1 na pinyo 6, 24 kwa 14, inatoa metre 3.51. Lakini plato 2 na pinyo 3, 34 kwa 21, inatoa 3.32, na plato 2 na pinyo 4 inatoa 3.87. Ulichokuwa unatafuta kiko pale katikati, na shene imenyooka. Vilevile plato 3 na pinyo 1 inatoa metre 3.07, na plato 2 iko na 2.90 kwa pinyo 2. Karibu sawa. Kinga inasema «18 vitesi», lakini zile unazohitaji kweli ni kama kumi.

Kwa hiyo shika hivi:

Plato 1: tumia na pinyo 1, 2 na 3. Hiyo ni ya mlima na mzigo.
Plato 2: tumia na pinyo 2 mpaka 5. Pinyo 1 na 6 kwa muda mfupi tu. Hiyo ni ya kazi ya kila siku.
Plato 3: tumia na pinyo 4, 5 na 6. Hiyo ni ya barabara tambarare, ya lami, bila mzigo au na mzigo mwepesi.

Jambo lingine: badilisha mbele ya mlima, si ndani ya mlima. Kwenye barabara ya Likasi, unaposhuka kwenda daraja la Lualaba, unajua kabisa kwamba ukivuka utapanda. Badilisha wakati pedali bado iko nyepesi. Derayeri inahamisha shene vizuri ikiwa inazunguka bila kuvutwa kwa nguvu. Ukingoja mpaka mguu umekwama ndipo uvute manete, shene inagonga, inaruka, au inakatika. Na kama umechelewa, hakuna haya: shuka, inua gurudumu la nyuma, zungusha pedali kwa mkono, weka pinyo unayotaka, kisha endelea.

Kinga ya pinyo moja: unachagua mara moja tu

Msomaji wa kinga nyeusi atasema: «Hayo yote si yangu, mimi niko na pinyo moja.» Hapana, hata yeye iko na uchaguzi. Tofauti ni kwamba anachagua kwa fundi, si barabarani.

Kinga nyingi za aina hiyo zinatoka dukani na plato ya meno 44 au 48 na pinyo ya meno 18 hivi. Tuchukue 48 kwa 18, na gurudumu la metre 2.2. Unasonga metre 5.87 kwa mzunguko. Hiyo ni karibu sawa na plato 3 na pinyo 6 ya kinga ile ingine! Ni mpangilio wa mtu anayeenda ofisini na kartable, kwenye barabara tambarare. Haikutengenezwa kwa mtu mwenye kilo mia juu ya portbagaji anayetoka Luilu au Mutoshi.

Ukibadilisha pinyo ya 18 na kuweka ya 22, unasonga metre 4.8. Kwa pedali 60 kwa dakika, mbio inashuka kutoka kilometre 21 mpaka 17 kwa saa. Lakini nguvu ya kusukuma pedali inapungua karibu moja ya tano. Mtu wa mzigo hakimbii kilometre 21 kwa saa hata siku moja. Kwa hiyo anachopoteza hakuwa nacho, na anachopata anakisikia kwa magoti siku hiyohiyo. Pinyo ni kipande cha bei ndogo kuliko plato, na kwa kinga hizi inafungwa na kufunguliwa kwa kuzungushwa, hata kama mara nyingi inashika sana na inaomba fundi mwenye chombo chake.

Kitu kimoja cha kuangalia: meno 4 zaidi yanaomba shene ndefu zaidi. Gurudumu la nyuma lazima lisogee mbele kama milimetre 13, au uongeze kipande kimoja kizima cha shene. Mwambie fundi apime mbele ya kukata kitu.

Hata wakimbiaji wakubwa wa dunia walipita hapo. Katika Tour de France, derayeri haikuruhusiwa kwa wote mpaka mwaka 1937. Mbele ya hapo, wakifika chini ya mlima, walishuka, wakafungua gurudumu la nyuma, wakaligeuza ili kutumia pinyo ya upande mwingine. Walichagua kwa kusimama, kama sisi.

Sikiliza mwendo wa kelele

Sasa tuseme umeweka shene mahali pa kunyooka, na bado inalia. Usishike turnevisi bado. Pindua kinga, isimame juu ya selle na gido, au mwambie mwenzako ainue nyuma. Zungusha pedali polepole kwa mkono, kisha sikiliza na uhesabu.

Kelele inarudi mara moja kwa kila mzunguko wa pedali: kosa liko mbele. Plato imepinda, au moja ya visi zake imelegea, au eksi ya pedali iko na mchezo. Shika manivele mbili, vuta na kusukuma kwa pembeni. Ikicheza, bili zimekwisha au kikombe kimelegea, na hakuna kurekebisha derayeri kutakakosaidia mpaka hapo patengenezwe.

Kelele inarudi mara moja kwa kila mzunguko wa gurudumu: kosa liko nyuma. Gurudumu limepinda, mpira unagusa kadre, au pinyo imefungwa vibaya.

Kelele inarudi baada ya mizunguko miwili au mitatu ya pedali: ni shene yenyewe. Kuna kiungo kimoja kigumu, kisichokunjika. Zungusha pedali kinyume na utazame shene inapopita kwenye pinyo au kwenye vigurudumu vya derayeri: utaona mahali inaruka kidogo. Mara nyingi ni pale fundi alikata na kuunganisha. Weka tone la mafuta, shika pande mbili za kiungo, kunja kwa pembeni, kulia na kushoto, taratibu, mpaka kilegee.

Kelele haina mwendo, inalia bila kuacha: shene inagusa kitu kisichozunguka. Shavu la derayeri, karteri, kadre, au kamba ya mzigo. Ndiyo, kamba. Mbele ya yote tazama kama hakuna kipande cha kamba au cha mfuko kilichoingia kwenye meno.

Matengenezo, mahali kwa mahali

Gurudumu la nyuma limekaa upande. Kwa kinga ya mzigo, hii ndiyo ya kwanza kuangalia. Ukikanyaga kwa nguvu, shene inavuta upande wa kuume wa eksi kwenda mbele. Buloni ikiwa imelegea, upande ule unateleza, gurudumu linapinda na kugusa kadre upande wa kushoto, na shene inalegea. Fungua buloni mbili, rudisha gurudumu katikati ya kadre, kaza upande wa kuume kidogo, kisha kushoto, kisha zote mbili kwa nguvu.

Shene ya pinyo moja imelegea au imekaza sana. Bonyeza katikati ya shene, kati ya plato na pinyo. Lazima ipande na kushuka kama sentimetre 1 mpaka 2. Zungusha pedali na upime tena mahali pengine, kwa sababu plato nyingi si mviringo kamili. Pima pale inapokaza zaidi. Ikikaza sana, inakula bili; ikilegea sana, inapiga karteri na kuanguka.

Hapa tusimame kidogo. Kama freni yako ya nyuma ni ile ya kurudisha pedali, shene njo freni. Shene ikianguka kwenye mteremko, hauna freni tena. Mtu wa mzigo mwenye freni ya namna hiyo lazima awe na freni ya pili kwa gurudumu la mbele, inayoshika kweli. Hilo si jambo la kungojea mshahara.

Karteri inasugua. Karteri ya bati inapinda kila mara kinga inapoanguka. Usiipige nyundo ikiwa imefungwa. Tazama alama inayong'aa ndani yake: hapo ndipo shene inapita. Vuta kwa mkono, au legeza visi zake na uisogeze.

Derayeri ya mbele inasugua. Tazama mambo matatu, kwa mpangilio huu. Kwanza, urefu: ukingo wa chini wa shavu la nje upite juu ya meno ya plato kubwa kwa milimetre 1 mpaka 3. Pili, mashavu yawe sambamba na plato ukitazama kutoka juu. Kama limegeuka, legeza buloni inayoishika kwenye kadre, irekebishe, kaza. Tatu, ndipo visi mbili ndogo. Weka plato 1 na pinyo 1: visi yenye alama L inaweka shavu la ndani karibu na shene bila kuigusa, milimetre moja hivi. Weka plato 3 na pinyo 6: visi yenye alama H inafanya vilevile kwa shavu la nje. Geuza robo ya mzunguko kwa mara moja, kisha jaribu. Ukifungua H kupita kiasi, shene inaanguka nje, juu ya manivele. Ukifungua L kupita kiasi, inaanguka ndani na kukwaruza kadre.

Derayeri ya nyuma inapiga kelele. Simama nyuma ya kinga. Kigurudumu cha juu cha derayeri kiwe chini kabisa ya pinyo unayotumia, kwenye mstari mmoja. Kama shene inachelewa kupanda kwenda pinyo kubwa, kable imelegea: zungusha ile kofia ya plastiki pale kable inaingia kwenye derayeri, nusu mzunguko kwenda kushoto, ukiitazama kutoka nyuma. Kama inachelewa kushuka kwenda pinyo ndogo, zungusha kwenda kulia. Lakini kama kinga ilianguka upande wa kuume, tazama kwanza kipande cha chuma kinachoshika derayeri. Kikiwa kimepinda kwenda ndani, hakuna kable itakayokinyoosha. Na hapo kuna hatari: ukiweka pinyo 1, derayeri inaingia ndani ya rayo na kuvunja kila kitu. Mpaka fundi akinyooshe, usitumie pinyo 1.

Shene si ya kinga hiyo. Kosa hili tunalinunua sisi wenyewe sokoni. Shene ya pinyo moja ni pana, kama milimetre 3.2 kwa ndani. Shene ya pinyo nyingi ni nyembamba, kama 2.4. Zinafanana kwa macho. Ukiweka ile pana kwa kinga ya pinyo 6, itasugua pinyo ya jirani siku zote. Nenda sokoni na kipande cha shene ya zamani mkononi.

Vumbi na mafuta

Msimu wa kiangazi, toka mwezi wa tano mpaka mvua zinaporudi, vumbi jekundu la barabara za kamyo linaingia kila mahali. Shene yenye mafuta mengi kwa nje inalikusanya, na mafuta na vumbi vikichanganyika vinakuwa kama karatasi ya kusugulia mbao. Mafuta ya vidanji ambayo wengi tunamwaga juu ya shene yako tayari na chembe za chuma na uchafu wa moteri. Kama huna mengine, ni afadhali kuliko shene kavu, lakini usiyamwage.

Futa shene kwa kitambaa chenye petrole kidogo mpaka chuma kionekane. Iache ikauke. Weka tone moja la mafuta safi ya moteri kwa kila kiungo, kwa upande wa ndani, zungusha pedali kwa dakika moja, kisha futa nje tena kama mtu anayetaka kuyaondoa yote. Mafuta yanafanya kazi ndani ya kiungo, si nje. Osha mikono kwa sabuni mbele ya kula, zaidi kama kinga inabeba madini. Na hilo petrole chafu, lisimwagwe karibu na kisima.

Wakati gani wa kubadilisha shene? Chukua rula. Viungo 24 vya shene mpya vina urefu wa milimetre 305, ukipima kutoka katikati ya pini moja mpaka katikati ya pini ya 24 baada yake. Ikifika 307, jitayarishe kununua. Ikifika 308, badilisha bila kungoja. Labda imekula pinyo tayari, na shene mpya juu ya pinyo iliyoliwa itaruka. Anayebadilisha shene kwa wakati anaokoa pinyo na plato. Anayengoja anavinunua vyote vitatu.

Kwa fundi, sema hivi

Mafundi wa kando ya barabara wanajua kazi, lakini hawakuwa na wewe kwenye kilima. Ukifika na kusema tu «Fundi, shene inalia,» atatafuta kwa kubahatisha, na muda wako unakwenda. Sema hivi: «Papa fundi, inalia kwa plato 2 na pinyo 3, mara moja kwa kila mzunguko wa pedali, na inazidi nikiwa na mzigo.» Sentensi hiyo moja imemaliza nusu ya kazi yake. Atashika manivele moja kwa moja na kutazama eksi.

Wenzetu wa Goma wako na chukudu, isiyo na shene wala pedali. Ya Kisangani, toleka inabeba watu siku nzima kwa pinyo moja. Kila mji umepata njia yake ya kuhamisha mzigo bila moteri. Kwetu Lualaba, ambapo madini ya betri za magari ya dunia yanatoka chini ya miguu yetu, makala ya chakula cha mangaribi bado inafika kwa magoti ya mtu. Hayo magoti hayana kipande cha kubadilisha sokoni.

Kwa hiyo kesho asubuhi, mbele ya kufunga mzigo, inua gurudumu la nyuma, zungusha pedali mara kumi na usikilize. Ikinyamaza, funga kamba, nenda kazini. Ikilia, hesabu kwanza. Turnevisi ibaki mfukoni mpaka umejua inaitwa wapi.